Tabaka la Mkunde

Hapo zamani, na sisemi zile zamani za wanyama kusema, nasema zamani hizi za juzi, kompyuta zilipokuwa zimeshapanda mlima mpaka kwenye migomba, aliishi mama mmoja Uchagani, juu ya mji wa Moshi. Jina lake Ndeshukurwa. Umri wake miaka sabini na minane. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, mtoto wa jicho huku na huku, lakini njia zote za nyumbani kwake alizijua kwa miguu.

Kihambani kwake, yaani kwenye shamba la nyumbani ambalo mumewe aliachiwa na baba yake, kulikuwa na makaburi mawili. La kwanza lilikuwa la mumewe, limejengwa kwa vigae vya bluu na msalaba juu. La pili lilikuwa dogo, na mgeni asingelijua bila kuonyeshwa: mawe tisa ya mtoni yamepangwa mviringo, na shina la kahawa pembeni. Hapo alilala Mkunde, binti yake, aliyekufa kwa surua akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Ilikuwa imepita miaka hamsini na moja. Mumewe alipotaka kulijenga kaburi hilo kwa saruji, Ndeshukurwa alikataa. Alisema mtoto yule alikuwa hapendi hata kufunikwa blanketi zito.

Mwanawe wa kwanza aliitwa Kundaeli. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na mitano, mwajiriwa huko Dodoma, mwenye wajukuu. Nyumba ya mama ilikuwa ya mbao, inavuja, na upepo wa mlimani unaingia kila ufa. Kundaeli akaamua kumjengea nyingine.

Mama akasema, "Jenga unapotaka, Kunda. Mkunde tu asiguswe."

Kundaeli akasema, "Sawa, mama."

Likumbukeni hilo "sawa." Lilisemwa kwa moyo mzuri, na lilisemwa haraka.

Kundaeli akamtafuta mchora ramani. Akampata Mwanahawa, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenyeji wa Pangani, mwenye ofisi ya chumba kimoja Moshi mjini juu ya duka la vitambaa. Mwanahawa alikuwa hodari na mpole. Akapanda mlimani na futi yake na daftari lake, akapima kiwanja chote, akapima nyumba ya zamani, akapima miti. Ndeshukurwa akamlisha mtori wa ndizi, kisha akamshika mkono, akamwongoza mpaka kwenye yale mawe, akamwinamisha na kumwekea kiganja juu yake.

"Umeshika?"

"Nimeshika, bibi."

"Ni mangapi?"

Mwanahawa akayahesabu kwa mkono, moja moja, kwa sababu aliona ndivyo bibi anavyotaka. "Tisa."

"Basi usisahau."

"Sitasahau, bibi."

Akarudi mjini, akafungua programu yake ya kuchorea nyumba. Kwa wale wasioijua, ni hivi: mchoraji hachori kila kitu pamoja. Anachora kwa matabaka, mfano wa karatasi za nailoni zinazoonyesha, moja juu ya nyingine. Tabaka la kuta, tabaka la paa, tabaka la mabomba, tabaka la miti. Ukitaka kuona yote, unayawasha yote. Ukitaka kuona kuta peke yake, unayazima mengine. Likizimwa halifutiki, halionekani tu.

Mwanahawa akachora yale mawe tisa. Akayawekea tabaka lake peke yake, akalipaka rangi nyekundu ili lisimpite machoni. Alipofika mahali pa kuliandikia jina, mkono ukasita. Aliona vibaya kuandika neno kaburi ndani ya ramani ya nyumba ambayo watu watakula na kulala humo. Akaandika herufi mbili: MK. Akajiambia, mimi nitajua.

Nyumba akaiweka mbali na tabaka lile jekundu, hatua nyingi tu. Kazi ikawa nzuri.

Sasa sikilizeni balaa lilivyoanza, kwa sababu halikuanza na mtu mbaya.

Asubuhi moja kompyuta ya Mwanahawa ilijisasisha yenyewe, kama zinavyofanya. Alipoifungua ile ramani, kioo kikawa cheusi. Akafunga, akafungua. Safari hii nyumba ikatokea, lakini paa linaelea hewani na kuta hazipo. Akaigeuza upande, kuta zikatokea na paa likapotea. Maandishi yakawa madogo, hata sisimizi asingeweza kuyasoma. Akazima mashine, akaiwasha. Akaingia kwenye mipangilio, akaongeza ukubwa wa maandishi, akapunguza, akairudisha ilivyokuwa. Picha ikazidi kupepesuka mpaka kichwa kikamuuma.

Na siku hiyo ndiyo siku Kundaeli alikuwa anafika kutoka Dodoma kuja kuiona nyumba ya mama yake. Kesho yake alikuwa anarudi kazini.

Mwanahawa akampigia Gasto.

Gasto alikuwa fundi kompyuta, mtu wa makamo, mwenye kibanda chake kwenye korido moja karibu na stendi. Watu walimpenda kwa sababu hakuwa na kiburi cha mafundi. Akaja, akavua koti, akakaa. Akatazama kwanza bila kugusa. Kisha akaingia kwenye mipangilio ya kioo, akarekebisha ukubwa wa picha, na maandishi yakasomeka. Akaiondoa programu inayoendesha kioo, akaweka mpya. Weusi ukaondoka. Akazima vivuli, akapunguza mng'ao wa vioo na vigae. Paa likatua juu ya kuta. Lakini kila alipoigeuza nyumba, picha iliganda, ikakatika.

"Imeelemewa, dada," akasema. "Ramani yako ina majani mengi kuliko nguvu ya mashine."

Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa. Mwanahawa akasema, "Endelea, mie nakwenda kuswali." Akaenda.

Gasto akabaki peke yake na orodha ya matabaka. Kuta. Milango. Paa. Mabomba. Miti. Nyasi. Uzio. MK. Akasema moyoni, nyumba ni kuta na paa, hivi vya nje ndivyo vinavyoilemea. Akazima Miti. Akazima Nyasi. Akazima Uzio. Akafika kwenye MK. Hakujua ni nini. Akadhani ni majaribio yaliyosahauliwa, wachoraji huwa nayo mengi. Akaizima.

Picha ikatulia. Akaigeuza, ikageuka laini kabisa. Gasto akafurahi. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa huruma, akaona amsaidie dada huyu asihangaike tena. Akaihifadhi mipangilio ile iwe ya kudumu, kila ramani ikifunguliwa ifunguke hivyo hivyo. Akaongeza na jingine, kwamba kilichozimwa kisiprintiwe.

Mwanahawa akarudi.

"Imepona," Gasto akamwambia. "Nimezima vya nje, miti na nyasi na vinginevyo. Ukivitaka unaviwasha mwenyewe."

"Ahsante sana, kaka Gasto."

Miti, na nyasi, na vinginevyo. Mwanahawa alisikia miti na nyasi. Gasto alipoondoka, akaiwasha miti, akaiwasha nyasi, akauwasha na uzio baada ya kuuona kwenye orodha. Mashine ikastahimili. Kioo kikajaa kijani, kizuri kutazama. Pale palipokuwa pekundu, nyasi zikafunika. Naye akaamini kila kitu kimerudi.

Saa kumi Kundaeli akafika. Mwanahawa akamkalisha mbele ya kioo, akaigeuza nyumba polepole, akamwingiza sebuleni, akamtoa barazani. Kundaeli akasogea karibu na kioo. Kisha akasema, "Mama yangu hajawahi kukaa kwenye baraza."

"Atakaa sasa, mzee."

"Akikaa hapa anaona nini?"

"Anaona nyumba ya jirani."

Kundaeli akafikiri. "Mwezi ujao nampeleka Dodoma akafanyiwe macho. Akirudi, nataka kitu cha kwanza akione ni kilele cha Kibo. Isogeze nyumba upande wa mashariki, dada. Hapa pako wazi."

Mwanahawa akashika kipanya, kisha akakiachia. "Subiri, mzee. Nahisi kama upande huu kulikuwa na kitu."

"Kitu gani?"

Wakatazama kioo wote wawili. Zilikuwepo nyasi. Mwezi huo Mwanahawa alikuwa na nyumba tisa mikononi, ya Himo, ya Boma, ya Sanya, kila moja na mti wake na kisima chake.

"Labda nachanganya na kazi nyingine," akasema.

Kundaeli alipokuwa mdogo alikatazwa kuchezea mahali fulani kihambani. Alikatazwa mara nyingi mpaka akazoea kupita mbali, na aliyezoea kupita mbali mwishowe hapaoni tena. Siku ile hapakumjia.

Mwanahawa akaivuta nyumba mita kumi mashariki. Baraza likaelekea mlima. Kundaeli akatia sahihi.

Ndeshukurwa akapelekwa Dodoma. Jicho la kulia kwanza, wakasubiri lipone, kisha la kushoto. Alikaa huko miezi miwili. Huku nyuma kazi ikaanza.

Fundi mkuu aliitwa Ntandu, mtu wa Singida, mwenye mvi, aliyekuwa amejenga kwa miaka thelathini. Akashika ramani iliyoprintiwa, akapigilia vigingi, akavuta kamba. Kamba moja ikapita juu ya mawe yaliyopangwa mviringo, kando ya shina la kahawa. Ntandu akasimama. Akawaambia vibarua waweke majembe chini. Akampigia Mwanahawa.

"Injinia, hapa kuna mawe yamepangwa."

Mwanahawa alikuwa Himo, kwenye kiwanja kingine, watu watatu wanamwita kwa pamoja. "Yamepangwa vipi, mzee?"

"Yamepangwa. Na kahawa pembeni."

"Ngoja nifungue nitazame." Akaifungua kompyuta juu ya boneti ya gari. Ikafunguka vile Gasto alivyoiweka. Akawasha miti, akawasha nyasi. "Kwenye ramani yangu hapo hapana kitu, mzee."

"Una hakika?"

"Naangalia hapa hapa."

Ntandu akakata simu. Namba ya Kundaeli alikuwa nayo. Akaitazama. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mlima, na msingi ukinyeshewa kabla ya zege unabomoka. Akavua kofia, hakuna aliyemuuliza kwa nini. Akayainua mawe yale mwenyewe, akayaweka kando, hakuruhusu yarushwe. Kisha akasema, "Chimbeni."

Wakachimba. Hawakukuta chochote ila udongo mwekundu. Kwa mtoto mdogo, miaka hamsini na moja ni mingi. Zege la msingi likamwagwa, jamvi la sakafu likamwagwa. Na siku moja, mawe yalipopungua, kibarua asiyejua akayachukua yale tisa, akayajengea ngazi.

Nyumba ikaisha. Ikawa nzuri kama kwenye kioo.

Ndeshukurwa akarudi mchana, jua limetoka na Kibo kimeachwa na mawingu. Kundaeli akampandisha barazani, akamkalisha kwenye kiti kipya, akasema, "Mama, tazama mbele."

Mama akatazama mlima. Akautazama kwa muda mrefu, akafuta machozi, kwa sababu ilikuwa miaka mingi. Akasema, "Kumbe theluji imebaki kidogo hivi." Kisha akainuka, akashuka ngazi, akaenda kwenye kaburi la mumewe. Akashika msalaba. Kutoka pale akaanza kuhesabu hatua kumi na mbili mpaka kwa Mkunde, kama alivyozoea kutembea akiwa haoni. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hatua ya tisa ikamfikisha kwenye ngazi. Akapanda. Ya kumi na mbili ikamsimamisha katikati ya baraza, juu ya vigae, karibu na kile kiti.

Akatazama chini.

"Kunda," akasema, "mawe yangu yako wapi?"

Hapo ndipo Kundaeli alipokumbuka. Akatoa simu.

Akampigia Mwanahawa. Mwanahawa akaja na kompyuta yake, akaja na Gasto, na Ntandu akaitwa. Waliiweka mashine kwenye ngazi. Mwanahawa akafungua orodha ya matabaka, akaisoma kutoka juu mpaka chini, na mwisho kabisa akaziona zile herufi mbili alizoandika kwa mkono wake. Mbele yake kijisanduku, hakina alama. Akakigusa.

Tabaka jekundu likawaka ndani ya baraza.

Mawe tisa, kila moja mahali pake, chini ya kiti.

Ndeshukurwa akainama, akasogeza uso karibu na kioo. Macho yake mapya yalikuwa yanaona kila kitu.

"Ndiye huyo?"

"Ndiye, bibi."

"Alikuwemo humu siku zote?"

"Alikuwemo, bibi. Alikuwa amezimwa."

Mama hakulia. Hakumgombeza mtu. Aliingia jikoni kwenye nyumba yake ya zamani, akafunga mlango, na nyumba mpya hakuikanyaga. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kundaeli akasema atalibomoa baraza. Mama akajibu kutoka ndani, "Ukibomoa, utamsumbua mara ya pili."

Huko Uchagani kuna mmea unaitwa sale. Majani yake marefu, mabichi mwaka mzima. Mtu akikukosea sana hadi maneno hayatoshi, anakuletea sale mkononi, na wewe ukilipokea, umemsamehe, hamtalitaja tena jambo lile. Siku ya nne asubuhi, watu wanne walisimama mbele ya mlango wa jikoni, kila mmoja na sale lake. Mwanahawa wa Pangani na Ntandu wa Singida haikuwa desturi yao, lakini waliuliza wakaelekezwa.

Ndeshukurwa akafungua. Akawatazama. Akayatazama masale.

"Nitapokea moja," akasema. "Nikiyapokea yote, nitakuwa nimesamehe kama mtu anavyoisamehe mvua. Mvua haina mwenyewe. Mtoto wangu aliwekwa chini ya saruji na mtu, nami nataka kumjua, nimsamehe yeye. Semeni."

Mimi nimesikia kesi nyingi, na kila mmoja huwa anasukuma kosa kwa mwenzake. Siku ile hawa wanne waligombania kosa, kila mmoja akilivutia kwake.

Gasto akatangulia. "Bibi, kosa ni langu. Kabla sijafika, mtoto alikuwa anaonekana. Mimi ndiye niliyemzima. Na ningezima tu, angerudi. Nilimfungia asirudi, nikasema mashine ikumbuke hivyo siku zote. Bila kidole changu, hakuna kosa la yeyote kati ya hawa."

"Ulijua ni nani?"

"Sikujua, bibi. Niliona herufi mbili ambazo sizijui, na mwenyewe alikuwa anaswali chumba cha jirani. Kumsubiri zilikuwa dakika kumi. Sikusubiri."

Mwanahawa akasema, "Huyu msimsikilize. Hakuna aliyemwambia. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeshikishwa. Nilihesabu tisa, nikaahidi. Niliogopa neno, nikaandika herufi ambazo hakuna mwingine angezielewa. Mzee Kundaeli aliposema niisogeze, moyo uliniambia kuna kitu, na nikauliza kioo. Mzee Ntandu aliposema mawe, kiganja changu kilikumbuka kabla yangu, bibi. Nilikihisi. Nikatazama kioo tena. Nilikiamini kioo kuliko mkono wangu mwenyewe."

"Wewe ulijua."

"Nilijua, nikasahau."

Ntandu alikuwa ameshika sale kwa mikono miwili. Alisema polepole. "Mama, hawa wawili walidanganywa na mashine. Mimi sikuwa na mashine. Mimi nilikuwa na macho, na nilikuwa nimesimama pale pale. Mawe hayajipangi. Nimezika wanangu wawili kwetu, na nimewapangia mawe hivyo hivyo. Nilijua. Nilivua kofia, sasa mtu anavulia kofia nini? Simu ya mwanao nilikuwa nayo mkononi. Nikatazama mawingu, nikasema ramani imeruhusu. Hawa waliharibu mchoro. Aliyechimba ni mimi."

"Lakini uliuliza, mzee," Mwanahawa akasema. "Uliniuliza mara mbili."

"Niliuliza ili mtu aniruhusu."

Zamu ilikuwa imebaki ya Kundaeli, naye alikuwa hajainua uso.

"Mama," akasema, "hawa walisahau mawe. Mimi nilisahau mtu. Wao ni wageni, walionyeshwa siku moja. Kwangu mimi, yule ni mdogo wangu. Uliniambia neno moja tu, nikasema sawa. Nilikaa mbele ya kioo nikaona kihamba chetu chote, kaburi la baba, mgomba, choo cha zamani, na sikuona kuna anayekosekana. Wangeniuliza mara mia nisingejua. Na aliyesema nyumba isogezwe si wao. Ni mimi."

"Uliisogeza kwa nini?"

"Ili uuone mlima."

Mama akageuka kidogo, akautazama mlima, kisha akarudi kumtazama mwanawe.

"Na mimi ninalo langu," akasema. "Baba yako alitaka kumjengea, nikakataa. Angejengewa, mngejikwaa. La kwangu nitalipeleka mwenyewe kwa Mkunde, halipo kwenye hesabu hii."

Akashuka kizingiti. Akapita mbele yao mmoja baada ya mwingine. Akashika majani ya Gasto, akayaachia. Akashika ya Mwanahawa, akayaachia. Akashika ya Ntandu, akayaachia. Akashika ya Kundaeli, akayaachia. Kisha akarudi nyuma, akanyoosha mkono, akachukua sale moja, akaingia nalo ndani.

Yule aliyepokelewa akalia kwa sauti, mtu mzima mbele za watu. Wale watatu wakarudi makwao na majani mikononi, wala hawakujua wayaweke wapi. Mmoja wao, mpaka leo, akisikia simu inaita anashtuka.

Ndeshukurwa aliingia nyumba mpya wiki iliyofuata. Anakula humo, analala humo. Barazani hakai, na hamruhusu mtu kuweka kiti. Ukimtembelea utapitishwa mlango wa jikoni.

Sasa ninyi mliokaa hapa, kabla sijawaambia lilikuwa sale la nani, nataka niwasikie. Yuko aliyemzima mtoto bila kujua, kwa kutaka kusaidia. Yuko aliyeahidi akasahau. Yuko aliyeona kwa macho yake akachimba. Na yuko ndugu wa mtoto, aliyempenda mama mpaka akamsahau binti. Wote walikuja na sale, na kila mmoja alisema ni mimi.

Je, ni nani kati yao aliyestahili kusamehewa?